Tanga hadi Lushoto wakati wa kipupwe: mwongozo kamili wa safari ya kundi kwa gari

Mwezi wa Julai, usiku wa Tanga mjini huwa nyuzi 20 na ushei, na shuka moja yatosha. Usiku huohuo Lushoto, safari ya kilomita 160 na kitu tu kwa barabara, joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na ukipanda zaidi kuelekea msitu wa Magamba hupungua tena. Sababu ni mwinuko. Kila mnapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6, na Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Theluji hamtaikuta kwenye milima hii ya Usambara. Mtakachokikuta ni ukungu, manyunyu yasiyokatika, tope jekundu na barabara yenye kona nyingi.

Makundi mengi ya Pwani hujiandaa kwa baridi na kupanda mlima, kisha huumizwa na mambo mengine mawili: nguo iliyolowa, na breki zilizoungua wakati wa kushuka. Haya mawili ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

Lini, na siku ngapi

Epukeni Machi hadi Mei. Masika hulegeza udongo wa kingo za barabara, na mawe na matope huporomoka. Juni hadi Agosti ndiyo baridi yenyewe, mvua ni haba kuliko masika, na machungwa ya Muheza yamejaa kandokando ya barabara kwa bei nzuri.

Tanga husifika kwa "waja leo waondoka leo", lakini safari hii haifai kuwa hivyo. Kwenda na kurudi siku moja ni saa saba au nane ndani ya gari, na dereva atashuka mlima jioni akiwa amechoka, giza likiingia na ukungu ukishuka. Pangeni usiku mbili: Jumamosi kupanda, Jumapili kutembea msituni, Jumatatu asubuhi kushuka. Wasio na ruhusa ya Jumatatu watafute wiki yenye sikukuu badala ya kubana ratiba.

Kundi na mchango

Watu saba na dereva ndiyo kundi rahisi kuliko yote, kwa kuwa Noah moja inawatosha kisheria na kila mtu ana mkanda wake. Mkifika kumi na wawili, kodini Hiace au Noah mbili. Msimpakate mtu wa tisa. Uzito wake utalipwa na breki.

Mweka hazina awe mmoja, na mchango wote uwe umeingia siku 10 kabla ya safari. Gharama ya gari na mafuta igawanywe kwa walioshalipa, na ikubalike tangu mwanzo kwamba anayejitoa baada ya hapo atarudishiwa pesa ya chakula na malazi ambayo bado haijatumika, ya gari harudishiwi. Bila kanuni hiyo, wawili wakijitoa Ijumaa usiku waliobaki hubeba mzigo wao, na jambo la kwanza kupunguzwa huwa matengenezo ya gari.

Mafuta yahesabiwe hivi, kwa Noah ya petroli iliyojaa. Tanga hadi Mombo ni kama kilomita 130. Kwenda na kurudi ni 260, kwa kilomita 10 kwa lita ni lita 26. Kupanda Mombo hadi Lushoto, kilomita 34 hivi, gari hula lita moja kwa kila kilomita 6: weka lita 6. Kushuka, lita 3. Mizunguko ya jabali la Irente na msitu wa Magamba, kilomita 60 kwa 7 kwa lita, ni lita 9. Jumla lita 44. Ongezeni 5 za akiba, iwe 49.

Kabla ya kufunga orodha, kila mtu aulizwe faragha kuhusu pumu na selimundu. Hewa baridi hubana kifua cha mwenye pumu, kwa hiyo dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni mwake, kamwe isiwekwe kwenye buti la gari. Kwa mwenye selimundu, baridi na upungufu wa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Aende kliniki yake kwanza, aeleze kimo na baridi ya huko, na afuate atakachoambiwa.

Gari: wiki moja kabla

Mkikodi, hakikisheni gari lina bima hai na kibali cha LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu) cha kukodishwa, na leseni ya dereva iwe ya daraja linaloruhusu kubeba abiria. Ulizeni pia swali ambalo wakodishaji wengi hawaulizwi: dereva huyu ameshawahi kushuka Lushoto? Kama hajawahi, msomeeni sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Kisha gari liende gereji, fundi afungue magurudumu yote manne. Magari ya Tanga yana tatizo lao: chumvi ya bahari hula paipu za chuma zinazopeleka mafuta ya breki, hasa zile za chini kuelekea nyuma. Kutu ya juu juu si shida, lakini paipu iliyochimbika ukiikwaruza kwa bisibisi ibadilishwe. Pedi zikibaki chini ya milimita 4 badilisheni, hata kama fundi atasema bado zina maisha. Kwa matembezi ya mjini ni kweli zinayo.

Mafuta ya breki yastahili maelezo. Hunyonya unyevu wa hewa polepole, na Tanga unyevu si wa kutafuta. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta yaliyochoka huchemka ndani ya paipu na kutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Dereva hukanyaga pedali ikazama hadi chini bila gari kusimama. Kama yana zaidi ya miaka miwili, au yamekuwa ya rangi ya chai ya rangi, yatolewe yote na kuwekwa mapya. Kuongezea juu hakusaidii.

Mengine ni mepesi. Kulanti ijae, na rejeta isiwe na maji matupu ya bomba. Mpira wa waipa hukauka na kupasuka kwa jua la Pwani bila mtu kugundua, kwa sababu siku nyingi hautumiki, basi nunueni mpya. Upepo wa tairi ufuate kibandiko cha mlango wa dereva kwa gari lililojaa, upimwe asubuhi kabla ya gari kutembea. Kashata za tairi ziwe na kina cha milimita 3 au zaidi, kwani chini ya hapo tope hujaza mifereji na tairi huwa kama limepakwa sabuni. Ndani ya gari muwe na spea tairi yenye upepo, jeki, spana ya magurudumu, pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, kamba ya kuvutia, lita 5 za maji, na vipande viwili vya mbao vya kukingia tairi. Hivyo vipande vya mbao ndivyo husahaulika, na ndivyo mtakavyovihitaji mkisimama mlimani breki zikiwa za moto.

Nguo: vaeni tabaka, si unene

Koti moja nene ni kosa la kawaida. Mkipanda kilima mtatoka jasho ndani yake, mkisimama jasho hupoa, na mtu huanza kutetemeka akiwa amevaa koti. Nguo tatu nyembamba zinazovulika zinafanya kazi kuliko hilo koti.

Ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe ya nailoni au poliesta: jezi ya mpira inafaa kabisa. Fulana ya pamba ni nzuri kwa Ngamiani, huko Tanga mjini, lakini mlimani hunywa maji na kuyashikilia, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi kubwa kuliko hewa kavu. Jinzi ni pamba pia, tena nzito. Ikilowa asubuhi Magamba, itakauka Tanga. Ya pili ni sweta la sufu au flisi. Mitumba ina mengi, na kwa kuwa watu wa Pwani hawayagombanii, bei yake ni ya chini. Angalieni lebo ya ndani iseme sufu, akriliki au poliesta. Ya tatu ni koti jepesi la mvua lenye kofia, lililo kubwa kiasi cha kupita juu ya sweta. Wanaovaa dera au gauni refu wavae suruali ya michezo chini, na pindo lipande juu ya kifundo cha mguu, maana pindo linaloburuta hufyonza maji ya majani kama utambi.

Kila mtu abebe pia seti moja kavu isiyoguswa mchana: fulana, soksi nene, suruali, kofia ya sufu. Hiyo ni ya kulalia, na haivaliwi nje hata kama ya mchana imelowa. Iwekwe ndani ya ule mfuko wa nailoni ambao gunia la sukari la kilo 50 huja nao ndani yake. Wauza duka huwa nayo, na mdomo wake ukisokotwa na kufungwa kwa mpira maji hayaingii.

Viatu: raba yenye meno ya kina, iliyokwisha kuvaliwa wiki mbili. Kiatu kipya hutoa malengelenge ndani ya saa mbili. Mabuti ya mvua hufaa kuvuka tope, si kutembea kilomita 10, kwa sababu kisigino hucheza ndani. Tafuteni na fimbo, moja kwa kila mtu, urefu wake uwe wa kufika kiganjani kiwiko kikiwa kimekunjwa pembe mraba. Kwenye mteremko wa tope fimbo huokoa magoti na makalio.

Chakula

Lushoto ina viazi, karoti na kabichi kwa bei ya shambani, kwa hiyo msibebe mboga kupeleka kwenye mboga. Beba vya Pwani: nazi, viungo, na vitafunwa vya njiani. Kwa watu wanane, mlo mmoja wa jioni ni mchele kilo 1 na robo na maharage robo tatu ya kilo, na yalowekwe tangu asubuhi, kwani kwenye kimo maji huchemka kwa joto dogo kidogo na maharage huchelewa kuiva. Kwa siku ya msitu, kila mtu apate chapati mbili, mayai mawili ya kuchemsha, kashata tatu za karanga, tende kumi, na lita 2 za maji. Kwenye baridi kiu haiji, na watu hurudi na chupa zilizojaa na vichwa vinavyouma. Kiongozi atangaze kunywa kila baada ya dakika 30. Chupa mbili za chai ya tangawizi yenye sukari nyingi zisikosekane. Huo ni msaada wa kwanza kama tutakavyoona.

Njiani

Ondokeni saa 12 asubuhi. Muheza, Segera, kulia kuelekea Korogwe, kisha Mombo. Vijijini mwendo ni 50, na trafiki wanaipima kweli. Mkifika Mombo, kama saa 3, simameni nusu saa, wala si kwa chai tu: kagueni kulanti na tairi, vaeni sweta, na wenye kichefuchefu wahamie viti vya mbele wakitazama barabara. Simu zifungwe, kwani macho yanaposoma kitu kilichotulia huku mwili unayumba, ubongo huchanganyikiwa na tumbo hulipa. Anayetumia dawa ya kichefuchefu aimeze Korogwe. Kona zikishaanza, dawa imechelewa.

Kutoka Mombo ni kupanda karibu mita 1,000. Barabara ni ya lami lakini nyembamba, bonde liko upande mmoja, na Fuso zilizojaa mboga zinateremka kuelekea Dar. Pigeni honi kabla ya kila kona isiyoonekana mbele, na atakayeshuka ampishe anayepanda. Zimeni AC. Mshale wa joto ukipanda, ingieni pembeni penye nafasi, acheni injini iungurume bila gia na mfungue hita ya gari, ambayo huchota joto kutoka kwenye injini. Mfuniko wa rejeta usiguswe kabla ya dakika 30. Soni iko karibu nusu ya njia, na maporomoko yake huonekana ukiwa barabarani. Pumzikeni hapo.

Ukungu ukishuka, washeni taa fupi. Taa ndefu hugonga matone na kumrudia dereva machoni kama ukuta mweupe. Taa za hatari zisiwashwe gari likitembea, kwa sababu huficha indiketa. Kioo kikijaa mvuke wa pumzi, fungueni madirisha mawili kwa upana wa vidole viwili.

Kulala

Nyumba za wageni Lushoto ni za kila bei. Ulizeni blanketi ngapi kwa kitanda (mbili ndiyo kiasi) na maji ya moto saa ngapi. Wanaoamka alfajiri waweke maji ya moto kwenye chupa ya chai tangu usiku. Maji ya udhu ya bomba saa 11 alfajiri huumiza vidole.

Jambo moja halina mjadala: jiko la mkaa halilali chumbani. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtu hulala usingizi asioamka. Jiko lililofifia bila moshi ndilo humdanganya mtu, kwa kuwa haliwashi macho wala kukohoza. Pasheni chumba kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, iwekwe miguuni dakika 10 kabla ya kulala.

Kutembea

Jumamosi mchana fanyeni Irente. Ni kilomita 5 au 6 kutoka mjini, njia iko wazi, na mwisho wake ni jabali linaloangalia nyika ya chini, Mazinde ikionekana kama imewekwa kwenye sinia. Hakuna uzio wa maana: kaeni hatua tano kutoka ukingoni, na kumi kama mwamba umelowa. Shamba la Irente huuza jibini na mkate wake, na ni pazuri pa kupumzikia. Matembezi haya ni kipimo pia. Anayepata malengelenge au kupumua kwa shida Irente asiende Magamba kesho yake.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo wasilianeni na ofisi yao mapema, na chukueni mwongoza wageni wa hapo. Bila yeye mtapotea, kwani vijia vya wakata kuni na vya matembezi hufanana, na ukungu hufuta alama zote. Msituni mna mbega weusi kwa weupe, na miti ya mkulo mikubwa kiasi cha kukumbatiwa na watu kadhaa walioshikana mikono.

Hesabu ya muda: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda, kisha ongeza theluthi kwa sababu kundi hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma. Njia ya kilomita 9 yenye mita 450 za kupanda ni kama saa mbili na nusu, pamoja na theluthi ni saa tatu na dakika 20, bila mapumziko. Ingieni saa 3 asubuhi, mwe mmetoka saa 9 alasiri. Jua huzama saa 12 na kitu, lakini chini ya miti na ukungu giza huanza mapema zaidi.

Mwongozaji atangulie, mtu mzoefu afunge nyuma, na kila njia panda muhesabiane. Suruali iingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani betri huishiwa nguvu haraka kwenye baridi. Kabla ya kupanda kilima vueni sweta, mkisimama livaeni hata kama bado mna joto.

Mtazameni kila mtu usoni. Anayetetemeka apewe sweta na kashata, muendelee. Anayejikwaa mara kwa mara, ulimi mzito, anayenuna na kutaka kukaa chini, huyo amepoa ndani. Mvueni vilivyolowa, mvisheni vikavu pamoja na kofia, mfunikeni, mpeni chai tamu kama anaweza kushika kikombe mwenyewe. Msimsugue mikono na miguu, wala msimpe pombe. Pombe hufungua mishipa ya ngozi na kumwaga joto lililobaki. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hali imekuwa mbaya, si nzuri. Abebwe kwa utulivu, na hospitali iwe ndiyo safari inayofuata. Namba ya dharura ni 112.

Kushuka

Jumatatu msianze kabla ukungu haujapanda, kama saa 3 asubuhi. Dereva awe amelala vizuri.

Kanuni ni hii: gia ambayo ungeitumia kupanda pale, ndiyo ya kushukia. Gari la gia za mkono ni ya pili, mara nyingine ya tatu. Noah ya otomatiki itolewe kwenye D iwekwe 2, na penye mteremko mkali L. Zenye CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) huwa na S, M au B kutegemea aina, na dereva aijaribu Tanga kabla ya safari. Injini itanguruma kwa sauti ya juu. Abiria wataogopa kwamba inaharibika. Haiharibiki, ndiyo inayowashikilia.

Breki ikanyagwe kwa nguvu sekunde tatu au nne, mwendo upungue kwa kama 10, kisha iachiwe kabisa ipoe wakati mwendo unapanda tena. Kuweka mguu juu yake kidogo kidogo muda wote ndiko kunakozipika. Na wale wanaoteremka nyutro kuokoa mafuta hawaokoi chochote: injini ya kisasa ya sindano ikiwa ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, hukata petroli. Ikiwa nyutro inaendelea kuimeza ili isizimike.

Simameni Soni dakika 15 hata kama hakuna anayelalamika. Gia kwenye P au ya kwanza, mbao mbele ya tairi, handibreki isivutwe kama breki zinanuka. Sogezeni kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Magurudumu mawili ya mbele yatakuwa na joto linalolingana. Moja likiwa kali kuliko mwenzake, breki yake imeng'ang'ania, na fundi aitwe hapohapo. Msimwagie maji diski ya moto, itapinda au kupasuka.

Harufu ya kuungua, pedali laini inayozama, au pedali ngumu isiyosimamisha gari: zote zinasema simama sasa. Dereva apampu pedali haraka mara kadhaa, ashushe gia moja moja, avute handibreki kidogo kidogo akiwa ameshikilia kitufe chake, na alisogeze gari upande wa mlima, si wa bonde. Kukwaruza ubavu kwenye ukuta wa udongo ni hasara ya rangi tu.

Mombo, vueni masweta na mkague magurudumu mara ya mwisho. Mkifika Tanga, gari lioshwe chini kwa maji baridi asubuhi inayofuata, likiwa limepoa, tope litoke kwenye paipu za breki kabla halijashika chumvi na unyevu. Nguo zilizolowa zitolewe kwenye mifuko usiku huohuo, kabla ya kulala.